Mwongozo Kamili wa Kulinda Valvu za Injini ya Pistoni, Kuanzia Kuwasha Hadi Kuzima

Malalamiko ni yale yale kila mara. Rubani amefundishwa kushuka taratibu ili silinda zisipoe ghafla, naye anatii kila safari. Kisha asubuhi moja injini inawaka kwa kutetemeka, silinda moja haifanyi kazi, na fundi akifungua anakuta valvu ya egzosi imekwama. Silinda inabadilishwa, miezi inapita, tatizo linahamia silinda ya jirani.

Watu hawa hawakosei wanaposhuka. Wanaharibu valvu ardhini, wakati wa kupanda na kwenye ratiba ya oili, halafu lawama zote zinaangukia kushuka. Ndiyo maana mwongozo huu unafuata safari nzima, kisha unaingia karakana.

Maelezo haya ni ya injini zinazopozwa kwa hewa, silinda zikiwa zimelala pande mbili, kama za Lycoming na Continental, na zinazotumia petroli ya ndege yenye risasi. Kitabu cha ndege yako kikisema tofauti na mimi, fuata kitabu.

## Vitu unavyohitaji

- Kitabu cha rubani cha ndege yako na mwongozo wa injini unaolingana na modeli yako hasa, siyo modeli inayofanana nayo.
- Geji ya joto la vichwa vya silinda, ile yenye alama CHT. Inayosoma kila silinda ni bora zaidi. Geji ya zamani husoma silinda moja tu, na hiyo moja si lazima iwe yenye joto kuliko zote.
- Geji ya joto la moshi, EGT, kama ndege inayo.
- Saa inayoonyesha sekunde, kalamu na daftari.
- Kipima joto cha infraredi, kwa kazi za ardhini.
- Upande wa fundi: seti ya kupimia kompresheni yenye geji mbili, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda, kifaa cha kukatia filta ya oili, kamba ya nailoni, na rima (chombo cha kukwangulia tundu) yenye kipimo sahihi cha bushi ya valvu.

Onyo: hatua 1 hadi 7 ni kazi ya rubani. Kuanzia hatua ya 8, kazi yoyote inayogusa silinda au valvu ifanywe au isimamiwe na kusainiwa na fundi wa ndege mwenye leseni.

## Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Valvu ya egzosi hukaa kwenye moto mkali kuliko sehemu nyingine yoyote inayosogea ndani ya injini. Joto lake lina njia mbili za kutokea. Kubwa ni kupitia siti, pale valvu inapofunga na kugusa kichwa cha silinda. Ya pili ni kupitia shina lake, linalopanda na kushuka ndani ya bushi, yaani bomba fupi linaloliongoza.

Injini nyingi za Lycoming zina valvu za egzosi zenye shina lililo wazi ndani na kutiwa sodiamu. Sodiamu huyeyuka ikifika kama nyuzi 98 za Selsiasi, kisha hurukaruka ndani ya shina ikibeba joto kutoka kichwa cha valvu kwenda juu. Ni ubunifu mzuri, lakini unafanya shina na bushi viwe vya moto sana. Oili inayofika hapo huungua na kuacha gamba gumu.

Kati ya shina na bushi kuna nafasi ya sehemu ndogo tu ya milimita. Uhai wa valvu uko kwenye nafasi hiyo, na ina maadui wawili. Wa kwanza ni uchafu: gamba la oili iliyoungua na chumvi za risasi, vinavyoijaza kidogo kidogo. Wa pili ni kupoa kusikolingana. Kichwa cha silinda ni cha aluminiamu, ambayo hutanuka na kusinyaa karibu mara mbili ya chuma. Hewa baridi ikipiga kichwa ghafla, kinasinyaa pamoja na bushi yake wakati shina bado lina moto na limetanuka. Ni sawa na pete iliyokuwa ikiingia vizuri, sasa kidole kimevimba.

Bushi iliyo safi huvumilia hali hiyo. Bushi iliyojaa gamba haina akiba ya nafasi, na hapo ndipo valvu inakwama.

Mafundi na marubani hawajaafikiana juu ya ukubwa wa hatari ya kupoa ghafla. Wanaoipuuza hukumbusha kwamba injini huingia kwenye mvua kubwa zikiwa na moto, na za ndege za injini mbili huzimwa angani kwa mafunzo, na zinaishi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo kushuka kwa mpango hakugharimu chochote isipokuwa dakika chache za kufikiri mapema, kwa hiyo mimi nashauri ushuke taratibu, huku ukijua kwamba kushuka taratibu peke yake hakutaiokoa bushi chafu.

## Hatua ya 1: Washa bila haraka, na sikiliza

Kama baridi ni kali, pasha injini joto kabla ya kuwasha. Kwa injini nyingi za Lycoming mpaka ni nyuzi 10 za Farenhaiti (kama −12 za Selsiasi). Kwa Continental ni nyuzi 20 (kama −7). Usipashe kichwa cha silinda pekee. Oili iliyo chini ya injini nayo ipate joto, la sivyo itaburuzika kama nta na sehemu za juu zitasaga zikiwa kavu.

Injini ikishika, weka mizunguko kati ya 1,000 na 1,200 kwa dakika. Presha ya oili isipopanda ndani ya sekunde 30, zima.

Sasa sikiliza dakika ya kwanza kwa makini. Hiki ndicho kipimo cha valvu cha bei rahisi kuliko vyote na wengi wanakipoteza kwa kuvaa vifaa vya masikioni na kuanza kuongea na mnara. Injini ikitetemeka mwanzoni kisha ikatulia ikipata joto, usiruke. Nenda moja kwa moja hatua ya 10.

## Hatua ya 2: Punguza mafuta ukiwa ardhini

Hapa ndipo valvu nyingi zinapoharibiwa.

Petroli ya ndege aina ya 100LL inaruhusiwa kuwa na hadi gramu 0.56 za risasi kwa lita. Ndani yake kuna pia kemikali ya bromini ambayo kazi yake ni kuigeuza risasi kuwa gesi ili itoke na moshi. Kemikali hiyo inahitaji joto. Injini ikinguruma polepole huku mchanganyiko ukiwa na mafuta mengi, moto ndani ya silinda ni wa baridi mno, na risasi inabaki: kwenye plagi, kwenye kichwa cha pistoni, na kwenye shina la valvu.

Fanya hivi mara tu injini inapotulia:

1. Weka mizunguko 1,000 hadi 1,200.
2. Vuta leva ya mchanganyiko, ile inayopanga kiasi cha mafuta kwenye hewa ya injini, taratibu. Mizunguko itapanda kidogo, kisha itaanza kushuka.
3. Ishie hapo inapoanza kushuka. Usirudishe mbele "kwa usalama".

Wengi huvuta leva kwa nusu inchi tu, wakaridhika. Hiyo haisaidii. Vuta kiasi kwamba ukijaribu kuongeza nguvu ya kurukia, injini ikohoe na kukataa. Hapo umepata faida mbili: silinda zinaungua safi, na huwezi kuruka ukiwa umesahau leva nyuma, kwa sababu injini yenyewe itakukatalia. Aliyevuta kidogo ndiye aliye hatarini, maana injini yake inaweza kukubali nguvu nyingi huku ikiwa na mafuta pungufu, na hilo huunguza silinda.

Onyo: kabla ya kupima magneto (mitambo miwili inayozalisha cheche za plagi) na kabla ya kuingia njia ya kurukia, rudisha mchanganyiko pale kitabu chako kinaposema. Kwa viwanja vya chini ni mbele kabisa. Kwa viwanja vya juu sana vitabu vingi hutaka upunguze kidogo. Liandike kwenye orodha yako ya ukaguzi kama halipo.

Utajua umefanikiwa plagi zikifunguliwa zikionekana na rangi ya kahawia hafifu au kijivu, bila vijiwe vya risasi, na ukipima magneto, mizunguko ikishuka kwa kiasi kinachokaribiana pande zote mbili.

## Hatua ya 3: Panda bila kuchoma

Injini nyingi za Lycoming zina mstari mwekundu wa joto la kichwa kwenye nyuzi 500 za Farenhaiti (260 za Selsiasi), na nyingi za Continental kwenye 460 (238). Mstari huo ni ukuta. Haujawekwa ili ukae karibu nao. Ukitaka silinda ziishi, jiwekee mpaka wa nyuzi 400 (kama 204 za Selsiasi).

Joto likikaribia 400 ukipanda, fuata mpangilio huu: shusha pua ili ndege ipate kasi na hewa zaidi, hakikisha milango ya kupoozea iliyo chini ya boneti iko wazi, hakikisha mchanganyiko umejaa mafuta kama kitabu kinavyotaka, na mwisho punguza nguvu. Watu huanza na nguvu kwa sababu leva iko mkononi. Pua ndiyo dawa ya haraka zaidi.

Hatua hii inahusu valvu moja kwa moja: kadiri kichwa kinavyokuwa na moto, ndivyo oili inavyoungua ndani ya bushi. Na kadiri unavyopanda na moto mwingi, ndivyo utakavyokuwa na mengi ya kupoza baadaye.

Silinda moja ikiwa na moto kila safari kuliko wenzake, usiizoee. Mwambie fundi aangalie bati zinazoelekeza hewa kati ya silinda, na mipira inayoziba kingo zake. Mpira mmoja uliojikunja unatosha kuinyima silinda hewa.

## Hatua ya 4: Safari

Weka nguvu, funga milango ya kupoozea, punguza mafuta kama kitabu kinavyoelekeza, na andika joto la kila silinda kwenye daftari mara moja kila safari, katika nguvu na urefu unaofanana. Namba hizo ndizo zitakazokuonyesha mabadiliko miezi ijayo.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya kushuka kabla hujaanza

Karibu kila kushuka kwa ghafla kunatokana na kuchelewa kuanza. Hesabu yenyewe ni fupi.

Chukua urefu ulio nao, toa urefu wa mzunguko wa uwanja (njia ya kuzunguka uwanja kabla ya kutua), gawanya kwa 500. Jibu ni dakika za kushuka kwa futi 500 kwa dakika. Mfano: uko futi 8,500, mzunguko uko futi 1,500. Una futi 7,000 za kupoteza, yaani dakika 14. Kasi yako juu ya ardhi ikiwa noti 120, unakwenda maili 2 za baharini kila dakika, kwa hiyo utatumia maili 28.

Ongeza dakika 2 au 3 za kuruka sawasawa mwishoni ili kasi ipungue kabla ya kuingia mzunguko. Hizo ni maili nyingine 4 hadi 6. Kwa mfano huu, anza kushuka ukiwa maili kama 33 kutoka uwanjani.

Kama kuna waongoza ndege, omba kushuka mapema. Sema tu kwamba unahitaji kushuka taratibu kwa ajili ya injini. Ni ombi la kawaida kabisa.

## Hatua ya 6: Shuka kwa ngazi

Maelekezo ya Lycoming yanataka joto la kichwa lisibadilike zaidi ya nyuzi 50 za Farenhaiti kwa dakika, ambazo ni tofauti ya kama nyuzi 28 za Selsiasi. Hicho ndicho kipimo chako. Soma geji, tazama saa, soma tena baada ya sekunde 30. Ikiwa tofauti inazidi nyuzi 25 za Farenhaiti, unaenda haraka.

Kwenye ndege yenye propela ya kubadilika pembe: punguza presha ya manifoldi (presha ya hewa inayoingia kwenye silinda) inchi 1, subiri dakika, punguza nyingine. Kumbuka jambo ambalo wengi hulisahau: injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa zaidi ndani ya injini) huongeza presha yenyewe inaposhuka, kama inchi 1 kwa kila futi 1,000. Ukishuka futi 500 kwa dakika, leva ikiwa haijaguswa, presha inapanda nusu inchi kila dakika. Kwa hiyo utaendelea kuvuta leva kidogo kidogo ili tu ubaki pale pale. Asiyejua hilo hushangaa kasi ikipanda, akavuta inchi 5 kwa mkupuo, na kazi yote ya dakika 10 inapotea.

Kwenye ndege yenye propela isiyobadilika pembe: shusha pua, na kasi ikipanda vuta leva ya nguvu kidogo ili mizunguko ibaki ilipokuwa wakati wa safari. Baada ya hapo ipunguze kwa vipande vya mizunguko 100, ukisubiri kati ya kipande na kipande.

Mchanganyiko usisukumwe mbele kwa mara moja. Mafuta ya ziada yanayoingia silinda hupoza kwa nguvu kuliko wengi wanavyofikiri, na kushuka ukiwa na mafuta tele na nguvu ndogo kunarudisha ule uchafu wa risasi tuliouzuia ardhini. Ongeza kidogo kidogo kadiri hewa inavyokuwa nzito, kiasi cha injini kuendelea laini.

Milango ya kupoozea ibaki imefungwa mpaka utue. Kama injini ina kabureta na hali ya hewa inaruhusu barafu, tumia joto la kabureta kama kitabu kinavyosema. Kulinda valvu si sababu ya kuiacha kabureta igande.

Maonyo matatu:

Usiingie eneo la njano la geji ya kasi ndani ya hewa yenye misukosuko kwa sababu tu unataka kubaki na nguvu. Mabawa ni muhimu kuliko silinda.

Usiruhusu propela iiendeshe injini, yaani presha ya manifoldi ndogo sana huku kasi na mizunguko vikiwa juu. Chini ya inchi 15 hivi uko kwenye hali hiyo. Ringi za pistoni hupoteza mshiko wake, na injini zenye vizito vinavyoning'inia kwenye krankishafti zinaweza kuharibiwa.

Na kukitokea dharura, funga nguvu yote bila kuwaza silinda. Hakuna valvu yenye thamani ya maisha ya mtu.

Ukitakiwa kushuka haraka bila dharura, ongeza ukinzani badala ya kuondoa nguvu: shusha magurudumu, toa flapsi kwa kasi inayoruhusiwa, au omba kuzunguka mara moja. Ndege yenye magurudumu chini inashuka kwa nguvu ile ile bila kukimbia.

Utajua umefanikiwa ukiingia mzunguko wa uwanja huku joto la vichwa likiwa limeshuka kwa mteremko laini, na hakuna dakika hata moja iliyovuka nyuzi 50. Mtambo wako ukiweka kumbukumbu, pakua data na uangalie mstari wake. Jicho linadanganya, mstari haudanganyi.

### Kwa wanaovuta glaida (ndege zisizo na injini), wanaoangusha waruka miavuli, na wakufunzi

Ninyi mna kazi ngumu kuliko wote. Mnapanda kwa nguvu kamili na kasi ndogo, vichwa vinachemka, kisha mzigo unaondoka na kila mtu anataka ndege irudi chini upesi.

Kosa kubwa ni kuunganisha vitu viwili: kufunga nguvu na kushusha pua kwa pamoja. Hewa kidogo na moto mwingi vinageuka hewa nyingi bila moto ndani ya sekunde chache. Tenganisha. Glaida ikishaachia, punguza nguvu kwa ngazi huku ukibaki na kasi ndogo. Subiri joto lianze kushuka, kisha ngazi nyingine. Shuka kwa kasi ndogo, flapsi zikiwa nje kama kitabu kinaruhusu. Dakika mbili za ziada kwa kila mzunguko ni bei ndogo ukilinganisha na silinda.

Mkufunzi, ukitaka kuigiza kufa kwa injini, usivute leva mwishoni mwa kupanda. Ruka sawasawa kwanza, punguza nguvu, injini ipoe kiasi, ndipo uvute. Na wakati wa kuteleza, ongeza nguvu kwa muda mfupi kila baada ya muda ili silinda zisipoe kabisa na plagi zisichafuke.

## Hatua ya 7: Zima kwa utaratibu

Ukitoka kwenye njia ya kutua, fungua milango ya kupoozea, na punguza mafuta kama hatua ya 2. Nenda kwa mizunguko 1,000 hadi 1,200 hadi maegesho, na ubaki hapo mpaka joto litulie.

Kisha fuata utaratibu ambao Lycoming inaupendekeza: panda hadi mizunguko 1,800 kwa sekunde 15 hadi 20, rudi 1,000 hadi 1,200, halafu zima kwa leva ya mchanganyiko. Sekunde hizo chache za moto huchoma uchafu uliokusanyika wakati wa kutembea ardhini. Hakikisha nyuma yako hakuna mtu, ndege nyepesi wala mlango wa karakana ulio wazi.

Injini yenye tabo ina muda wake wa kupoa kabla ya kuzimwa. Uheshimu, la sivyo oili itaungua ndani ya bearingi za tabo.

## Hatua ya 8: Oili kwa wakati

Lycoming inataka oili ibadilishwe kila saa 50 kwa injini yenye filta kamili, kila saa 25 kwa yenye chujio la waya tu, au kila miezi 4, lolote litakalotangulia. Wengi hukumbuka saa na kusahau miezi. Ndege inayoruka mara chache ndiyo inayoumia zaidi, kwa sababu oili yake inakaa na unyevu na asidi bila kupata moto wa kuvichemsha.

Oili chafu ndiyo inayofika kwenye bushi na kuungua. Ukibadilisha oili, kata filta, fungua karatasi yake, ikamue na uikague juani. Chembe chache ni kawaida. Vipande vinavyong'aa, hasa vinavyonasa kwenye sumaku, vinahitaji maelezo kabla ya kuruka tena.

## Hatua ya 9: Pima kompresheni, kisha chungulia

Kipimo hufanywa injini ikiwa na joto. Fundi huingiza hewa yenye presha ya psi 80 (pauni kwa inchi ya mraba) kwenye silinda pistoni ikiwa juu kabisa, na geji ya pili inaonyesha kiasi kinachobaki.

Onyo kubwa: hewa hiyo inaweza kuzungusha propela kwa nguvu ya kuvunja mkono. Mtu mmoja ashike propela muda wote, na asimame nje ya njia yake.

Namba peke yake haitoshi. Sikiliza hewa inatokea wapi. Ikivuma kwenye bomba la moshi, ni valvu ya egzosi. Ikivuma kwenye njia ya hewa au kabureta, ni valvu ya kuingiza. Ikivuma kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi.

Kwa kawaida chini ya 60 kati ya 80 huanza maswali mazito. Continental ina kikomo chake kinachosomwa kwenye seti yenyewe ya kupimia, kwa hiyo silinda yake inaweza kukubalika ikiwa na namba ndogo zaidi. Usiifungue silinda kwa sababu ya namba moja mbaya. Ruka tena kama fundi anaona ni salama, pima tena, kisha chungulia kwa kamera.

Kwenye picha, tazama uso wa valvu ya egzosi. Valvu nzima ina rangi zilizopangika kwa miduara inayolingana kutoka katikati hadi ukingoni. Valvu inayoanza kuungua ina doa upande mmoja wa ukingo, na mara nyingi rangi ya kijani. Upande huo haufungi vizuri kwenye siti, joto halitoki, na kila saa inayopita unazidi kuungua.

Kama mtambo wako unarekodi EGT, angalia silinda hiyo wakati wa safari tulivu. Joto linalopanda na kushuka taratibu kwa mpigo unaojirudia, huku silinda nyingine zikiwa zimetulia, ni dalili ya mapema ya valvu inayoungua.

Bushi nayo ina kipimo chake. Taarifa ya huduma ya Lycoming namba 388C inaeleza namna ya kupima uchakavu wa bushi za egzosi, pamoja na saa za kupima kwa kila aina ya injini. Muulize fundi lini kipimo hicho kilifanyika mara ya mwisho. Kama hakuna aliyeandika, chukulia hakijafanyika.

## Hatua ya 10: Injini ikitetemeka asubuhi

Dalili: inawaka, silinda moja iko kimya, ndege nzima inatikisika, kisha baada ya dakika moja au mbili inatulia kana kwamba hakuna lililotokea. Kutulia huko ndiko kunakowadanganya watu. Shina lilikuwa limeshikwa na gamba. Joto limetanua bushi na kuliachia. Kesho litashikwa zaidi. Likishikwa valvu ikiwa wazi, fimbo ya kusukuma inapinda, bomba lake linaanza kuvuja oili, na hali mbaya zaidi pistoni inaigonga valvu angani.

Tenganisha valvu na plagi. Injini ikiwa bado inatetemeka, geuza ufunguo ujaribu magneto moja moja. Kama mtetemo unakuwepo kwenye magneto moja na kuondoka kwenye nyingine, shaka ni plagi au waya wake. Kama unabaki kote kote, shaka ni valvu.

Tafuta silinda. Angalia ni CHT au EGT ipi haikupanda. Kama huna geji za kila silinda, washa kwa muda mfupi, zima, kisha elekeza kipima joto cha infraredi kwenye bomba la moshi la kila silinda, karibu na kichwa. Lililo baridi ndilo lenye shida. Fanya hivyo propela ikiwa imesimama kabisa na ufunguo umetolewa, na usiguse propela. Magneto yenye waya wa ardhi uliokatika inaweza kuwasha injini hata ufunguo ukiwa mfukoni mwako.

Mkabidhi fundi. Maagizo ya Lycoming namba 1425A yanaeleza namna ya kusafisha bushi bila kung'oa silinda. Fundi huingiza kamba ya nailoni kupitia tundu la plagi, anapandisha pistoni ili kamba iishike valvu isidondoke, kisha anatoa roka na springi. Pistoni inashushwa, kamba inatolewa, valvu inasukumwa ndani ya silinda, na bushi inasafishwa kwa rima. Shina nalo husafishwa mpaka liteleze lenyewe.

Mwombe fundi mambo mawili. Fimbo za kusukuma na vipande vyake virudi pale pale vilipotoka. Na vumbi la gamba lisiachwe ndani ya silinda.

Utajua kazi imefanikiwa valvu ikipita kwenye bushi kwa uzito wake bila kusukumwa, na injini ikiwaka ikiwa baridi kabisa, silinda zote zikishika tangu mzunguko wa kwanza. Usipime ikiwa na joto. Injini yenye joto ilikuwa ikitulia hata kabla ya matengenezo.

Tatizo likirudi kwenye silinda ile ile muda mfupi baada ya kusafishwa, usisafishe tena. Angalia bati za hewa za silinda hiyo, pima uchakavu wa bushi, na kama umezidi kipimo, silinda ing'olewe na bushi ibadilishwe. Likirudi kwenye silinda tofauti kila mara, rudi hatua ya 2 na ya 8, maana chanzo kiko kwenye namna injini inavyoendeshwa ardhini na oili inayotumika.